Wanaozamia na Wanaobaki Ufukweni

Mume wangu anafanya kazi uwanja wa ndege wa Arlanda, upande wa mizigo. Kila mwaka, theluji ikishakanyagwa na kuwa barafu ya kijivu pembeni mwa njia za mji wetu, Märsta, anarudi nyumbani na habari ileile: Waswidi wanaondoka. Anayajua mabegi yao kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Mifuko mirefu na migumu ni ya skii za kutelezea kwenye theluji, inakwenda milimani. Yenye rangi za kung'aa inakwenda Uhispania na Thailand. Na yale mabegi mazito, laini, yanayonuka mpira hata yakiwa yamefungwa, ni ya wazamiaji. Jioni moja ya Novemba alisimama kwenye mlango wa jikoni, koti halijavuliwa, akasema, "Mwaka huu na sisi tuondoke."

Nilikuwa namenya viazi. Nikamuuliza, "Twende wapi?"

"Popote penye jua. Si nyinyi wawili mmejifunza kuzamia? Mtazamia bwawani mpaka lini?"

Wawili hao ni mimi na binti yetu mkubwa, ambaye alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu. Mambo yalianza bila mpango. Rafiki yangu Mrundi, tunayesali naye kanisa moja, anakaa Vällingby, na binti yake alijiunga na klabu ya kuzamia kwenye bwawa la ndani la huko. Wetu naye akataka kumfuata. Basi kila Jumamosi nikawa nampeleka, treni ya abiria mpaka mjini, halafu metro ya kijani, halafu mimi nakaa kwenye benchi kando ya bwawa na koti langu mapajani, natokwa jasho. Jumamosi moja mkufunzi wao, mama wa Kiswidi mwenye sauti ya kuamrisha, akanijia akasema hawezi kuendelea kuniangalia nikichemka pale kama yai. Kulikuwa na mtungi wa ziada. Nijaribu.

Mimi nimezaliwa Singida. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kuwa nayo kwa matumizi yangu mwenyewe yalikuwa ndoo mbili. Lakini nilipouma ule mpira wa kupumulia, nikainamisha kichwa chini ya maji na kuvuta pumzi, pumzi ikaja. Niliinuka nikacheka mpaka mkufunzi naye akacheka. Tangu siku hiyo benchi nilimwachia mtu mwingine. Kiangazi kilichofuata mimi na binti yangu tulifanya mtihani katika ziwa moja nje ya mji, maji yake meusi kama chai ya rangi, ukinyoosha mkono huvioni vidole. Tukapata vyeti. Tukawa wazamiaji ambao hawajawahi kumwona samaki.

Kwa hiyo wazo la mume wangu liliangukia kwenye ardhi yenye rutuba. Tulikuwa na wiki ya likizo ya shule mwishoni mwa Februari, ile ambayo huku wanaiita sportlov, na mimi hospitalini Flemingsberg niliomba siku zangu mapema kabla wenzangu hawajaziwahi. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mahali. Nilidhani hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Jumapili, baada ya ibada, nilikosea nikalisema jambo hilo kwenye chai. Kila mtu aliyekuwa na kikombe mkononi aliniuliza swali lilelile: kwa nini msiende Zanzibar? Bahari si mnayo? Mzee mmoja wa Tanga alinitazama kwa huruma kabisa, kana kwamba nimemwambia nakwenda ugenini kununua chumvi.

Nilijibu kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba nyumbani hatuendi kupumzika, tunakwenda kuonekana. Ukitua tu, kuna shangazi wa Dodoma ambaye asipokuona atanuna hadi kaburini, kuna harusi iliyosogezwa mbele ili ikusubiri, kuna msiba wa mwaka juzi ambao hujatoa mkono wa pole. Begi lako limejaa viatu vya watu. Ni furaha, tena kubwa, na huwa tunarudi Uswidi tukiwa hoi. Mara hii tulitaka mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayetujua.

Rafiki yangu Mrundi alinitetea. "Muwaache waende," aliwaambia. "Mtu hawezi kuzamia na shangazi yake anamungojea juu." Halafu akanigeukia akaninong'oneza, "Dada, lakini usinialike. Mimi na maji tunaonana bafuni."

Karibi lilikuwa pendekezo la mkufunzi wa Vällingby. Alisema Februari kule ni kiangazi kikavu, maji ni ya uvuguvugu na yanaonyesha, na wanaoanza hawahangaishwi na mawimbi. Basi kila jioni, vyombo vikishaoshwa, tuliweka kompyuta juu ya meza ya kulia tukawa tunatembea visiwani. Tulikuwa watano kwenye meza hiyo: mimi, mume wangu, binti mkubwa, mdogo wake wa miaka sita, na mama mkwe wangu, ambaye amekaa nasi miaka kadhaa sasa tangu alipofiwa na mzee. Kila mmoja alikuwa na hoteli yake kichwani.

Yule mdogo alitaka bembea za maji. Akapata hoteli moja kubwa sana huko Jamhuri ya Dominika, yenye mabwawa kama ramani ya dunia na mabomba ya kuteleza yaliyopindana kama utumbo. Alikaa nayo jioni nzima. Lakini nilipotafuta habari za kuzamia, niliona kwamba unapandishwa boti asubuhi, mnakwenda mwendo mrefu mpaka bahari kuu, mnarudi mchana mmeungua.

"Det är för bebisar," alisema binti mkubwa bila kuinua macho. Anavyosema kwa Kiswidi ni kana kwamba hukumu imeshapigwa muhuri. Hoteli ya watoto wachanga.

Yeye alikuwa na yake. Ilikuwa hoteli ndogo juu ya jabali, na katika picha zote watu walikuwa wanakunywa kahawa wakiwa wamevaa suti za kuzamia mpaka kiunoni. Hakukuwa na mtoto hata mmoja kwenye picha, wala mzee. Kulikuwa na ngazi zilizochongwa kwenye mwamba kushuka baharini, nyingi, hazina mahali pa kushika.

"Hapo ndipo mtanizika," alisema mama mkwe wangu, kwa upole tu.

Tulimuuliza yeye anataka nini. Alifikiri. "Kiti chenye mgongo," alisema. "Kanisa lisiwe mbali. Na chakula ambacho nikikitazama nakijua."

Mimi, nakiri, nilikuwa nimezipenda nyumba fulani za mbao zilizojengwa juu ya maji. Unafungua mlango, unashuka ngazi fupi, uko kwa samaki. Niliwaonyesha. Mume wangu aliivuta kompyuta karibu, akaitazama picha ile kwa muda, maji ya kijani yakionekana katikati ya mbao za sakafu.

"Mbu," alisema.

"Wapi unaona mbu?"

"Penye maji pana mbu."

Ile ya bembea alisema ina kelele. Ile ya jabali alisema ni mbali na hospitali. Nikatafuta nyingine yenye zahanati ndani, akasema chakula chao ni cha makopo. Nikapata yenye mpishi, akasema upepo. Huyu ndiye mtu aliyesimama mlangoni na koti akasema tuondoke. Ikafika mahali nikaifunga kompyuta kwa nguvu zaidi kidogo kuliko nilivyokusudia, nikamwambia kama hataki kwenda aseme, tutakaa Märsta tuchezee theluji.

"Sijasema sitaki," alisema, akaenda kutoa takataka ambazo zilikuwa zimeshatolewa.

Mama mkwe wangu alikuwa anachambua maharage. Alisubiri mpaka mlango wa nje ukafungwa. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unamuuliza habari za hoteli. Muulize habari za ziwa."

Mume wangu aliporudi alikuta tunamsubiri. Alimtazama mama yake, akajua.

"Umewaambia."

"Bado. Kaa uniongoze nisije nikakosea," alisema mama yake, naye alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Mume wangu alipokuwa mtoto, binamu zake walimchukua mpaka ziwani kule Singida, ziwa la chumvi ambalo sisi sote tumekulia jirani nalo. Walikuwa na hori la kunywesha ng'ombe, la mti uliochongwa. Wakamweka ndani, wakamsukuma, wakamwambia yeye ni nahodha. Hori likaenda kidogo, likageuka. Alipiga kelele ambazo, kwa maneno ya mama yake, ziliwatawanya mbuzi wa kijiji kizima, na watu wazima wakatoka mbio na shuka la kubebea maiti.

"Walipofika," alisema mama mkwe, sasa akijifuta machozi ya kicheko, "walimkuta amesimama. Maji yanamfika kiunoni."

"Kiunoni kwa nani?" alisema mume wangu. "Nilikuwa mdogo. Yalikuwa kifuani." Lakini naye alicheka, na watoto walicheka mpaka yule mdogo akashuka chini ya meza.

Baadaye, tulipobaki sisi wawili pamoja na binti mkubwa, mume wangu aliacha kucheka. Alisema si kwamba anaogopa kwenda. Anaogopa kutazama. Ile siku ya mtihani ziwani, alipotuambia anakwenda kununua aiskrimu akapotea muda wote tuliokuwa chini, hakuwa dukani. Alikuwa nyuma ya maegesho, ametupa mgongo.

"Mnaingia, halafu maji yanafunga," alisema. "Hapo mlipokuwa hapana kitu. Mimi nibaki natazama nini?"

Binti yetu, ambaye siku hizi hupita sebuleni kama mpangaji, alimwegemea baba yake begani.

Nilimweleza mkufunzi wa Vällingby jambo hili Jumamosi iliyofuata, wakati tunasuuza vifaa. Hakucheka. Alisema basi tunatafuta mahali pasipofaa. Tusitafute boti. Kuna kisiwa kinaitwa Bonaire, cha Waholanzi, ambako mwamba wa matumbawe uko hatua chache tu kutoka nchi kavu. Unaingia kwa miguu yako, na maji ni meupe kiasi kwamba aliye juu anaweza kumfuata aliye chini kwa macho.

Nikapata hoteli tatu huko, nikaanza na iliyokuwa na picha chache zaidi, maana picha zilikuwa zimeshatuchosha. Nilipiga simu nikiwa kwenye mapumziko ya kazini, nimejibanza kwenye korido karibu na dirisha. Mwanamke aliyepokea alikuwa mwenye hoteli mwenyewe. Kiingereza chake kilipanda na kushuka kama wimbo. Nilianza kumuuliza habari za mitungi, uzito, kina cha mwamba. Akanikatiza.

"Wanaozamia nawajua," alisema. "Wanalala chini ya maji, wanakula kama fisi, hawanisumbui. Niambie kuhusu watakaobaki ufukweni."

Sijui kwa nini swali lile lilinigusa vile. Nilimwambia yote: mama mkwe na kiti chake, mtoto wa miaka sita, mume wangu na hori la ng'ombe. Alisikiliza, akawa anasema "mhm" kama mtu wa kwetu. Kisha akanieleza alicho nacho na asicho nacho. Ana gati la mbao linaloingia baharini, na ukisimama mwisho wake unaona mwamba wote mpaka pale unapokatika na kuwa bluu. Ana sehemu ya maji mafupi iliyozungushiwa mawe kwa ajili ya watoto. Ana vyumba vya chini. Kanisa liko karibu, la Kikatoliki, kengele yake inasikika.

"Lakini sitaki uje ulalamike," alisema. "Hakuna bembea za maji. Upepo unavuma kila siku, nywele zako utazisahau. Nchi yenyewe ni kavu, miiba mitupu, mawe, mbuzi wanatembea barabarani. Wageni wengine wanalia kwamba si kama kadi ya posta."

Jioni niliwasimulia mezani. Mama mkwe wangu aliacha kutafuna.

"Mbuzi wapo?"

"Amesema wamejaa."

"Basi hapo ni mahali pa watu," alisema, na kwa upande wake jambo likawa limekwisha.

Mume wangu aliuliza tena kuhusu gati, lina urefu gani, lina mahali pa kushika. Nilimwambia lina. Aliitikia kwa kichwa taratibu, na hakutaja mbu. Yule mdogo tulimshawishi kwa kumwambia atakuwa na miwani yake ya kuangalia samaki. Binti mkubwa alisema "okej", na kwake hiyo ni shangwe.

Rafiki yangu Mrundi alipopata habari, alinishika mkono katikati ya kanisa. "Dada, mumekata tiketi mpaka Karibi kwenda kuangalia mbuzi?"

Tulipita Amsterdam, tukaruka juu ya bahari siku nzima, tukashuka kwenye joto lililotupiga usoni kama mtu amefungua oveni. Njia ya kwenda hotelini ilikuwa nyekundu na ya vumbi. Pande zote mbili kulikuwa na miti mifupi ya miiba, yote imeinama upande mmoja kwa upepo, na mimea ya dungusi kakati iliyosimama kama nguzo za uzio. Mbuzi walivuka, dereva akasimama, akawasubiri. Mimi na mume wangu tulitazamana. Alisema nilichokuwa nakifikiri.

"Tumerudi Singida."

"Kwa njia ndefu," alisema mama yake kutoka kiti cha nyuma.

Asubuhi tulivaa vifaa vyetu kwenye gati. Mwenye hoteli, mama mnene mwenye kofia ya majani, alileta mwenyewe kiti cha mama mkwe, chenye mgongo na mito miwili. Mume wangu alisimama mwisho wa gati akimshika mdogo mkono, na mkono mwingine ameshika nguzo. Tulishuka ngazi, nikampungia, tukaenda chini.

Nilikuwa sijui. Katika ziwa la Uswidi nilikuwa jasiri kwa sababu nilikuwa kipofu. Hapa niliona kila kitu: matumbawe ya zambarau na njano yakishuka kama bustani kwenye mteremko, samaki wa kila rangi wasio na habari nasi, na kisha, mbele kidogo, mwamba unakatika na hakuna kitu ila bluu, bluu inayoendelea kuwa nzito kwenda chini mpaka macho yanakataa. Moyo wangu ulianza kukimbia. Nilivuta pumzi fupi fupi, nikaona zinaniishia, nikatamani kwenda juu mara moja, jambo ambalo ndilo la kwanza tulilokatazwa.

Binti yangu alinishika kiwiko. Alijizungusha akaja mbele yangu, akaziba bluu yote kwa mwili wake. Akainua kiganja: simama. Akaweka mkono kifuani, akauvuta polepole kwenda mbele: pumua, toa. Akanyoosha vidole viwili kwenye macho yangu, kisha yake: nitazame mimi. Nikamtazama. Macho yake nyuma ya kioo yalikuwa makubwa na matulivu, macho ya bibi yake mzaa mama. Tulikaa vile, tumepiga magoti kwenye mchanga kati ya matumbawe, mpaka pumzi yangu ikarefuka. Kisha akanigeuza akanionyesha samaki mkubwa wa kijani na waridi, pono, anauma matumbawe kwa meno yake. Sauti yake ilisikika waziwazi, kruu, kruu, kama mtu anayetafuna bisi kwenye chumba cha jirani. Nilicheka ndani ya mpira, maji yakaniingia kidogo puani, na hofu ikawa imepita.

Tulipotoa vichwa juu, binti yangu aliutoa mpira mdomoni akasema, kwa Kiswahili, "Pole, mama." Nikamwambia asante.

Mume wangu hakuwa pale tulipomwacha. Alikuwa amehama mpaka upande wa pili wa gati, juu yetu kabisa, amepiga magoti.

"Niliyafuata mapovu yenu," alisema. "Yalikuwa mafungu mawili yanakwenda pamoja. Halafu yakasimama, nikajua mmesimama. Mmoja wenu alikuwa anapumua kama treni."

"Ni mimi."

"Nilijua ni wewe," alisema. "Huwa unalala hivyo."

Kuanzia siku hiyo ikawa kazi yake. Kila tulipoingia, yeye na yule mdogo walitembea juu ya gati wakifuata mapovu, na tukitoka alitusimulia safari yetu wenyewe: hapa mlikutana na mtu, pale mlipotea kidogo, nikasimama, mkarudi. Mzamiaji mmoja Mholanzi alimuuliza kama yeye ndiye mkufunzi wetu.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa na mama mkwe, natafuna korosho, nikaona mume wangu amekunja suruali na kuingia kwenye maji mafupi yaliyozungushiwa mawe. Mdogo alikuwa anamvuta. Alikuwa ameona samaki mwenye mistari na alitaka shahidi. Maji yalimfika magotini, kisha mapajani. Akasimama. Mtoto akavua miwani yake midogo ya waridi, akampa. Haikumtosha. Aliishikilia usoni kwa mikono miwili, akainama, akaingiza uso.

Mama yake alishika mkono wangu. Tulimwona mgongo tu, shati limelowa, kisogo kikavu. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea, akainuka, akavuta pumzi, akainama tena. Alipokuja kwetu, maji yakimtiririka kidevuni na alama ya miwani imemzunguka usoni kama mtoto aliyepaka rangi, alikaa mchangani.

"Kumbe hayafungi," alisema. "Kule ndani pako wazi."

"Na yalikufika wapi?" aliuliza mama yake.

"Kiunoni," alisema, nasi watatu tulicheka mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni kuona kuna nini.

Jikoni ndiko mama mkwe wangu alikoishi baadaye. Siku ya kwanza, chakula cha mchana kilipoletwa, aliinama juu ya sahani akaitazama, akachukua tonge kwa vidole, akaliminya. Ulikuwa ugali. Mweupe ungekuwa bora, alisema, huu ni wa manjano, lakini ni ugali, umesongwa na mtu anayejua. Kando yake mchuzi wa mbuzi. Wenyeji wanauita funchi, nasi tulijifunza neno hilo kabla ya kujifunza asante. Aliomba kumwona mpishi. Mpishi alikuwa mama wa rika lake, na hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Kesho yake nilimkuta amesimama na mwiko, anasonga, mpishi amekaa kwenye kiti chenye mgongo anamtazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku ya mwisho hatukuzamia, kwa kuwa aliyezamia hapaswi kupanda ndege kabla mwili haujapumzika. Mume wangu alikodi gari akatupeleka kusini mwa kisiwa, kwenye mashamba ya chumvi. Kulikuwa na milima myeupe ya chumvi, na maji ya waridi, na katikati ya maji wamesimama ndege wale wenye miguu mirefu, heroe, wengi, vichwa chini wanakula. Kule kwetu Singida nao huja ziwani. Watoto hawakuwahi kuwaona. Mama mkwe alishuka, akajifunga khanga vizuri kwa ajili ya upepo, akatembea mpaka ukingoni na wajukuu wake. Nilimsikia akiwaeleza wanavyokula, wanavyolala wamesimama, na jinsi babu yao alivyokuwa akiwaiga wakati anamchumbia. Akawaonyesha. Aliinua mguu mmoja, akashikwa na upepo, akadakwa pande zote mbili. Walikuwa wanamuuliza maswali kwa Kiswahili, wote wawili, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kumfanya aendelee.

Jumatatu nilikuwa kwenye treni ya asubuhi, giza bado, natoka Märsta kwenda Flemingsberg, masikio yangu yana maji ambayo yalikataa kutoka. Wodini nilianza na mgonjwa mmoja, bibi wa Kiswidi aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, ambaye nilimwacha wiki moja nyuma akijifunza kutembea. Alifurahi kuniona. Nilipomwambia nilikuwa Karibi, alisema mara moja kile ambacho Waswidi wote humwambia mtu aliyerudi likizo ngozi imeungua na jua.

"Naam, naona," alisema. "Umepata rangi."

Tulitazamana. Aliusikia mwenyewe ulimi wake, akaweka kiganja mdomoni, na uso wake ukawa mwekundu mpaka kwenye mzizi wa mvi. Mimi nilicheka hadi nikalazimika kukaa kwenye ukingo wa kitanda chake, na yeye, alipoona nacheka, akacheka huku ameshika nyonga yake inayouma. Kisha akaniomba nimfungulie pazia, nimwekee mto mgongoni, nimsimulie habari za samaki.